Ndama Aliyefunga

Juzi jirani yangu hapa Frere Town, Mama Neema, aliniletea bakuli lililofunikwa kwa kisahani. Ng'ombe wake alikuwa amezaa, naye alikuwa akiwagawia majirani dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, aliyoyapika kwa sukari na iliki mpaka yakashikana yakawa ya kukatwa kwa kijiko.

"Kula yangali moto, mzee," akasema. "Hiki ndicho chakula cha wenye meno machache."

Nilicheka, nikamshukuru, nikafunga mlango. Nilipoondoa kisahani harufu ikanipanda. Maziwa hayo hayanuki kama maziwa mengine. Yana kitu cha mwili ndani yake, kitu cha joto, kama utosi wa mtoto mchanga. Niliketi nikalitazama bakuli mpaka likapoa. Nimepita miaka sabini na sijapata kuonja dang'a tangu nilipokuwa darasa la pili. Marehemu mke wangu aliamini kwamba tumbo langu halipatani nayo, na mimi nikamwachia aamini hivyo mpaka akafa.

Nililelewa na nyanya yangu kule Bofu, Likoni, zama zile nyumba zikiwa mbali mbali na katikati yake mihogo. Baba alikuwa amekufa. Mama alikuwa ameolewa tena na akikaa ng'ambo, Port Reitz, na mume ambaye sikuwahi kuambiwa ubaya wake wowote ila kwamba nyumba yake ilikuwa ndogo. Kila nilipouliza lini nitakwenda kukaa na mama, nyanya alinijibu, "Nyumba ni ndogo, mwanangu." Mimi nilichukua neno hilo kama lilivyo. Nilikuwa nikiketi barazani nimekunja miguu, nimebana viwiko mbavuni, nikijizoeza kuchukua nafasi ndogo.

Nyanya alikuwa na ng'ombe mmoja wa kienyeji, mwenye nundu, jina lake Tausi, na maziwa yake ndiyo yaliyotulisha. Aliyemtunza alikuwa Charo, kijana kutoka upande wa Kaloleni, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele. Alilala kwenye kibanda kando ya zizi na Jumapili alivaa shati jeupe akaenda kanisani. Sikuwa na ndugu, na watoto wa majirani walikuwa wakubwa kwangu au wachanga mno. Kwa hivyo mtu niliyezungumza naye zaidi duniani alikuwa Charo, naye mazungumzo yake na mimi yalikuwa utani mtupu.

Mwaka ule nilikuwa nimeazimia kufunga Ramadhani. Nyanya aliniruhusu nusu siku, mpaka adhuhuri, kama watoto wote. Lakini mama alikuwa ameniletea salamu kwa mdomo wa jirani aliyevuka feri: "Mwambieni siku atakayofunga kutwa, nitakuja tufuturu pamoja." Basi kila asubuhi nilitangaza kwamba leo ni kutwa, na kila ilipokaribia saa tano nilijikuta jikoni, nimeubana mlango nyuma yangu, natafuna kiporo cha mhogo.

"Shekhe," Charo aliniita siku moja nilipotoka nikijifuta midomo, "leo wafunga, au wafunga mlango?"

Aliona neno hilo zuri sana. Alilirudia wiki nzima.

Chuoni, mwalimu wetu wa Kurani alikuwa ametufundisha kwamba kufunga si kufunga tumbo peke yake. Mfungaji wa kweli, alisema, hufunga macho yake, masikio yake, ulimi wake, na kila kiungo cha mwili wake. Nililipeleka neno hilo nyumbani nikalifikiria sana. Nilijaribu kufunga macho na masikio kwa pamoja nikaanguka kwenye ngazi ya baraza.

Tausi alizaa asubuhi moja katika kumi la kwanza la mwezi. Charo alimvuta ndama miguu ya mbele, akamweka majanini akiwa amelowa na anatoa mvuke, dume jekundu lenye doa jeupe kwenye paji. Kabla ya saa nne alikuwa amesimama, anayumba, na amelipata titi la mama yake. Nyanya alikamua dang'a iliyozidi akaipika kwa ajili ya futari.

"Aitwe Ramadhani," nikasema, "kazaliwa mwezi wa Ramadhani."

"Astaghfirullah," nyanya akajibu. "Ndama haitwi Ramadhani."

"Basi aitwe Krismasi," Charo akasema, "tumwone nani atamkataza." Nyanya akamrushia kitambaa, na mimi nikamwita ndama Rama kimoyomoyo.

Siku ya pili yake, kwenye jua la mapema, ilikuja habari kwamba ami yake Charo amefariki huko kwao. Alifunga nguo zake kwenye kanga kuukuu, akaniita kando ya zizi, akachuchumaa tukawa macho kwa macho. Kwa mara ya kwanza hakuwa akitania.

"Nisikilize, shekhe. Huyu ndama sijamwona akinya tangu kuzaliwa. Nahisi kafunga. Nyanyako macho hayamsaidii, kwa hivyo mtazame wewe. Akinya utaona kitu cheusi, chanata kama lami. Ukikiona, mwambie nyanyako kenda choo. Asipokunya mpaka magharibi, mwambie pia, amwite daktari wa mifugo. Umesikia?"

"Kafunga?" nikauliza.

"Kafunga. Si wajua kufunga wewe?" Hapo utani ukamrudia kidogo, pengo likaonekana, akanigusa kichwa, akaenda zake.

Kwa watu wazima wote duniani, ndama aliyefunga ni ndama aliyefunga choo. Kwangu mimi, katika mwezi ule, neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

Nilikaa naye kutwa. Alinyonya kidogo asubuhi, kisha akaacha. Tausi alimsukuma kwa pua, naye akageuza kichwa. Nikaona kweli: hali mchana. Mara kwa mara alikunja mgongo, akainua mkia juu, akajikaza, na hakutoka kitu. Nikazunguka nyuma nikatazama. Sikuona tundu. Palikuwa na ngozi laini yenye manyoya mafupi, nzima kabisa, kama ya kwenye paji lake. Leo mtu yeyote mwenye akili angepiga kelele. Mimi nilisimama pale nikasisimkwa na mwili. Nilikumbuka maneno ya mwalimu: kila kiungo. Huyu mnyama alikuwa amefunga kila kiungo.

Sikumwambia mtu. Nilijua wangefanya nini. Nilishamwona Charo siku moja akimnywesha mbuzi wa jirani mafuta ya nazi kwa chupa kwa sababu alikuwa hanyi. Wangemshika Rama, wangemfungua kinywa kwa nguvu, na funga yake ingeharibika. Nami, nitasema ukweli, sikutaka kumpoteza. Mchana wa Ramadhani ni mrefu na kila mtu hulala. Nilikuwa nimepata mwenzangu.

Magharibi nyanya akaniita kutoka jikoni.

"Naam, nyanya."

"Ndama kenda choo?"

"Kenda."

"Cheusi?"

"Cheusi. Kama lami."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kukoroga uji.

Kesho yake nilifunga kutwa. Sikuona ugumu, kwa kuwa hatukuwa peke yetu, mimi na yeye. Kutwa nililala kando yake majanini, kichwa changu kwenye ubavu wake, na ndani nilisikia ngurumo kama maji katika mtungi uliojaa. Alisaga meno. Aligeuka akalitazama tumbo lake mwenyewe, akalipiga kwa mguu wa nyuma, akalala, akainuka, akalala tena. Nilidhani ni njaa, na njaa niliijua. "Vumilia, Rama," nilimwambia. "Bado kidogo." Tausi alisimama juu yetu akilia kwa sauti ya chini, naye nikamwambia avumilie.

Ilipoadhiniwa nilikimbia na tende mkononi, yangu mwenyewe, nikamtia mdomoni. Midomo yake ilikuwa baridi. Tende ikaanguka. Nikaifuta nikala mimi, nikaenda kwa nyanya kupokea sifa zangu. Alinikumbatia mbele ya jirani, akasema mtoto huyu keshakuwa mtu, akamwagiza jirani yule akivuka kesho ampelekee mama habari.

Mama alikuja siku iliyofuata. Na siku hiyo ndiyo aliyorudi Charo.

Charo alitangulia, adhuhuri, miguu imejaa vumbi. Nilimkimbilia nikipiga kelele, "Charo, nimefunga kutwa!" Alikuwa ameshamwona ndama kwa juu ya boma, amelala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma. Aliruka ndani, akamgusa tumbo, kisha akainua mkia. Alikaa hivyo kitambo, mkia mkononi.

"Mama!" akamwita nyanya. "Mama, njoo! Huyu hana njia! Kazaliwa hana njia!"

Daktari wa mifugo alikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Mtongwe, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi. Alipapasa kwa kidole mahali pale, akapitisha kisu kwenye moto wa kibiriti, akakata. Kulitoka kitu cheusi, kinanata, kingi mno. Nilikiona hatimaye. Kilikuwa kama lami hasa. Lakini Rama hakuinuka. Alinyoosha miguu kichwa chake kikiwa mapajani pa Charo, akatoa pumzi moja ndefu, na jicho lake likabaki linanitazama bila kuniona.

Daktari alijifuta mikono kwa majani. "Wapo wanaozaliwa utumbo wenyewe umekatika ndani," akasema, "umeishia njiani kama soksi. Huyo hata ukimwita profesa hana la kufanya. Lakini huyu utumbo wake ni mzima. Kaziba kwa ngozi tu, nyembamba kama hii ya ukope. Ni mlango tu aliokosa. Juzi ningemfungua kwa dakika mbili, na leo angekuwa anarukaruka. Kwani hamkumtazama?"

"Mtoto alinambia kenda choo," nyanya akasema polepole. "Alinambia cheusi. Kama lami." Akanigeukia. "Haya uliyatoa wapi?"

Wakati huohuo mama aliingia uani. Alikuwa na kikapu chenye tende na kaimati, amevaa leso mpya, na uso wake ulikuwa bado umeshika tabasamu aliyokuwa ameniandalia tangu kwenye feri. Tabasamu ile ikawa inamtoka kidogo kidogo akitutazama mmoja mmoja.

"Sema," nyanya akasema. "Nani alikufundisha maneno haya?"

Ningeweza kusema yote. Ningeweza kusema nilidhani amefunga saumu. Wangeshangaa, labda daktari angecheka, nyanya angelia. Lakini mama alikuwa amesimama pale, na mimi nilikuwa mtoto aliyefunga kutwa, mtoto ambaye pengine angetafutiwa nafasi katika nyumba ndogo. Nani angemchukua mtoto mwongo?

"Charo," nikasema. "Alinambia niseme hivyo. Ili apate kwenda matangani."

Charo alinitazama. Nilingoja anikatalie, na hakunikatalia. Alikiteremsha kichwa cha ndama kutoka mapajani akakilaza taratibu, kama kwamba bado kingeumia.

"Ningekuruhusu!" nyanya akapaza sauti, na kilio kikiwa karibu. "Wallahi ningekuruhusu hata ungenambia ndama ana vichwa viwili! Msiba ni msiba! Ya nini kumtia mtoto uongo kinywani, tena mwezi huu?"

"Siku ile sikumwinua mkia, mama," Charo akasema. "Hilo ni kosa langu."

"Basi siwezi kukaa nawe."

"Vyema, mama."

Kabla ya kuondoka alifanya kazi moja. Alimchuna ndama. Nyanya alipiga kelele kwamba huyo ni nyamafu, asimlete karibu na jiko lake. "Hatumli, mama," Charo akamjibu. "Tunamlaghai mamake tu. Ng'ombe wa kienyeji hateremshi maziwa bila mwana mbele yake, nawe wajua." Aliipaka ngozi chumvi na jivu, akaijaza majani makavu, akaishona kwa kamba ya mkonge, mpaka ikawa kitu chenye shingo na mgongo na doa jeupe. Akaniita nikashike.

"Hapa, shingoni. Usimtikise. Mwache amnuse kwanza, kisha amlambe. Akianza kulamba ndipo nyanyako akamue."

Tausi alinusa, akaguna, akalamba. Charo akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Shekhe, ulimwona akinya?"

"La."

"Nilijua."

"Alikuwa amefunga," nikasema. Machozi yalinitoka hapo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe ulisema kafunga. Nilitazama nikaona kafunga kweli."

Alinigeukia. Nikaona neno lile linavyomwingia, kisha linavyogeuka ndani yake. Alifungua kinywa kama anayetaka kucheka, na hakikutoka kicheko.

"Mimi ndiye niliyekwambia," akasema. "Ah, shekhe. Mimi ndiye niliyekwambia."

Akachukua kanga yake kuukuu akapita kando ya nyumba. Nyanya alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka pale. Angeweza kuingia akamweleza. Hakuingia. Nami ningeweza kuingia nikamweleza jioni ile, au kesho yake, au siku yoyote katika miaka kumi na mmoja aliyoishi baada ya hapo. Nilikuwa na hatua zile kumi kila siku.

Mama alifuturu nasi. Alinisifu, akanilisha kaimati kwa mkono wake, na kabla ya isha akaondoka kuwahi feri. Sikumwuliza kama nyumba bado ni ndogo. Leso yake ilipopinda kona nilikunja miguu yangu nikaketi.

Kwa muda wa miezi mitatu, kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, nilisimama mbele ya Tausi nimeshika ngozi ile. Nyanya alikamua mwenyewe, akiguna kwa mgongo. Hakuna aliyetania. Tausi alilamba palepale kwenye doa jeupe mpaka manyoya yakaisha pakabaki ngozi tupu, laini, nzima, kama pale nilipopatazama siku ile. Alimlamba kwa bidii kwelikweli, macho ameyafumba. Nilikuwa nimeshika uongo wangu kwa mikono miwili na kila siku Tausi alikuwa akiupenda.

Nilimwona Charo mara moja tu tena. Nilikuwa nimeshamaliza sekondari miaka mingi nyuma, ni karani mwenye tai, na nilikuwa na wenzangu wawili wa ofisini tumekwenda kumwona mgonjwa katika hospitali ya Port Reitz. Kwenye benchi la wanaongoja alikuwapo mzee mrefu, mguu mmoja umefungwa bendeji. Aliinua uso, pengo likaonekana.

"Shekhe," akasema.

Wenzangu wakanitazama. Sikuwa shekhe wa mtu yeyote mahali nilipokuwa nimefika. "Samahani, mzee," nikamwambia. "Umenifananisha."

"Huenda," akajibu kwa upole. "Macho haya."

Nilipotoka wodini robo saa baadaye benchi lilikuwa na watu wengine. Yule mtoto wa Bofu naweza kumsamehe, alikuwa na miaka minane na alitaka mama. Yule mwenye tai sijapata njia ya kumsamehe. Hakuwa mtoto, na maana zote za lile neno la kufunga alikuwa ameshazijua.

Juzi, basi, maziwa yalipopoa, nilichukua fimbo yangu nikaenda kwa Mama Neema. Alikuwa akipepea jiko.

"Mama Neema, ndama kenda choo?"

"Mzee nawe kwa maswali!" Akacheka. "Bila shaka kenda."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Mimi, kazi zote hizi, nikae kutazama matako ya ndama?"

Nikaomba ruhusa nikaingia bandani. Lilikuwa jike jeusi, limelala, bado lina ute wa kuzaliwa shingoni. Nilipiga magoti, jambo ambalo siku hizi ni safari, nikaushika mkia wake nikauinua. Palikuwa wazi. Na kwenye nywele za mkia na majani ya chini kulikuwa na kitu cheusi, kinanata.

"Kenda," nikasema. "Cheusi. Kama lami."

"Haya, mzee, ahsante," Mama Neema akajibu kutoka jikoni, na pepeo likaendelea.

Nilibaki pale nimepiga magoti, mkia mkononi. Habari aliyonituma Charo nilikuwa nimeshaitoa, na nilikuwa nikingoja mtu aniambie basi, shekhe, mwache.